Wima Tisa

Baba alipopata kazi kwenye tanuru la shaba
walichinja mbuzi Katuba, majirani wakala hadi usiku.
Mimi nilipopata kazi Gazetini
mama alinunua fremu, akautundika mkataba wangu ukutani
juu ya picha ya baba, ambaye alikwisha kukohoa vya kutosha.
"Kazi hii haina vumbi," alisema.

Kweli, haina vumbi.
Ghorofa nne, lifti inayokwama kwenye ya tatu,
mashine ya kahawa ya wakubwa, birika letu sisi,
na dirishani, ukisogeza pazia, bomba refu la kiwanda
na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba
ambacho kila mgeni hukipiga picha.
Nilidhani nimeajiriwa kuutazama mji.
Niliajiriwa kulirudisha pazia.

Mwezi wa saba lori la asidi lilipinduka Kawama.
Nilikwenda kwa pikipiki, nauli nikajilipia.
Mama Monga alikuwa akimwagilia lengalenga
kwa maji ya kijito, kama kila asubuhi.
Alinionyesha mkono wake wa kulia
kisha akaufunika kwa kitenge
kama mtu anayemkinga mtoto na jua.
"Uandike," akasema. "Na jina langu. Si 'mwanamke mmoja'."

Niliandika maneno mia sita.
Bwana Musasa aliyasoma akiwa amesimama.
Asidi ikawa kemikali.
Kemikali, baada ya simu moja, ikawa kimiminika.
Kimiminika kikawa tukio,
na Mama Monga akawa mwanamke mmoja,
na mwanamke mmoja akawa mistari minne chini ya ratiba ya mechi,
kisha hata ile minne ikaondoka
kwa sababu kampuni ya malori ilileta nusu ukurasa, wa rangi,
kumpongeza mkurugenzi wake kwa kutimiza miaka hamsini.
"Usinune, Kapya," akaniambia, mkono begani.
"Gazeti ni tumbo. Nani analilisha?"
Si mtu mbaya. Jeneza la baba alilipa yeye.

Nina kazi nyingine pale, isiyo na jina langu chini:
fumbo la maneno, ukurasa wa kumi na tano.
Mlalo tatu: chakula chetu, herufi sita. Bukari.
Mlalo kumi: huamka kabla ya padri, herufi tano. Jogoo.
Wima tisa nikaandika:
Kilichomwagika Kawama. Herufi tano.
Si husemwa fumbo mfumbie mjinga?
Musasa alilipitisha bila kulisoma. Nani husoma fumbo
ila wastaafu, wafungwa na walinzi wa usiku?

Jumatano simu ikalia. Mzee mmoja, wa Kamalondo.
"Nimeweka maji, yamepungua. Nimeweka mafuta, yamezidi.
Pombe inaingia, lakini bukari inaikataa."
Musasa alikuwa mlangoni na kikombe chake.
"Subiri jibu Jumamosi, mzee," nikasema,
kwa sauti ya mtu wa benki.

Jumamosi jibu likatoka.
Jogoo mahali pake, kila kitu mahali pake,
na wima tisa, viboksi vitano, vyeusi ti.
Hata A ya bukari waliizima.
Bukari yenye tundu katikati, ndiyo tuliyowauzia watu.

Mzee akapiga tena. Safari hii hakuuliza.
"Nimeelewa, mwanangu. Kitu hicho
nilikivuta puani miaka thelathini, kule tanuruni."
Akakohoa. Kikohozi kile nakijua,
kinakaa kwetu ukutani, chini ya mkataba.

Mama Monga hajapiga. Hanidai simu, ananidai jina.

Leo Jumatatu nimechonga penseli.
Barua ya kuacha kazi, herufi zake zote ninazo,
ila sijui niianze wima
au mlalo,
na mshahara unatoka Ijumaa.